Paa Linalovuja Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kabla ya Masika

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wenye nyumba na wapangaji wa kisiwani, Likoni, Kisauni, Nyali na Changamwe, na majibu yake yanahusu mapaa ya aina tunazoziona kila siku: mabati, makuti, zege, vigae, na mapaa ya chokaa ya Mji wa Kale. Jambo moja litajirudia katika takriban kila jibu, nalo ni kwamba maji yanayoteremka paani bila kizuizi hayana madhara makubwa. Yanayoharibu nyumba ni yale yaliyozuiwa njia yakasimama.

Paa langu halikuvuja wakati wa vuli. Kwa nini lilianza kuvuja masika?

Kwa sababu mvua hizi mbili haziji na upepo mmoja wala hazidumu sawa. Vuli, ambayo hunyesha kati ya Oktoba na Disemba, hutukuta upepo ukigeuka kuwa kaskazi, na mara nyingi ni manyunyu ya ghafla yanayokatika upesi. Masika huja na kusi, upepo wa kutoka kusini-mashariki, ambao huyapiga mapaa kutoka upande wa bahari na kuyasukuma maji juu, chini ya ukingo wa bati au kigae, mahali ambapo kwa mvua ya kawaida yasingefika. Isitoshe, mvua ya masika inaweza kunyesha usiku kucha. Mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi zaidi kwetu, kwa wastani zaidi ya milimita 200, na mfereji wa paa uliokuwa ukihimili manyunyu ya vuli hufurika kabla ya alfajiri. Kwa hiyo paa lililopita salama katika vuli halijathibitisha kitu kuhusu masika. Limejaribiwa kwa upepo mwingine na kwa maji machache.

Ni wakati gani bora wa kukagua paa?

Januari na Februari, wakati wa kaskazi. Jua ni kali, rangi na saruji hukauka vizuri, na fundi mwenye subira bado anapatikana. Anayengoja wingu la kwanza la mwisho wa Machi atajikuta kwenye foleni na wenzake wote wa mtaa. Panda asubuhi mapema, kwani ifikapo saa nne bati halikanyagiki.

Nikipanda, niangalie nini?

Anza na misumari, si mabati. Bati lenyewe ni kipande kizima cha chuma na si rahisi kutoboka pasipo sababu. Matundu yote ya paa jipya yametobolewa na fundi kwa nyundo. Msumari unapaswa kupigwa kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde lake, kwa kuwa maji hupita bondeni. Chini ya kofia ya kila msumari au skrubu kuna raba, na raba hiyo hukauka na kupasuka kwa jua letu miaka mingi kabla ya bati kuchoka. Gusa kofia kwa kidole: ikiwa inazunguka au imeinuka, tundu limekwisha kufunguka. Joto la mchana hulitanua bati na baridi ya usiku hulikaza, na mwendo huo mdogo wa kila siku huulegeza msumari pole pole. Skrubu hushika zaidi kuliko msumari, nami huwashauri watu wabadilishe safu zote za upande unaoelekea bahari badala ya kubadilisha mmoja mmoja unaoonekana mbaya.

Baada ya hapo angalia mahali mabati yanapokutana. Bati la juu linapaswa kulilalia la chini kwa angalau sentimita 15, na paa likiwa tambarare zaidi, mlalo huo uwe mrefu zaidi. Kwa ubavu, ukingo wa bati ulio wazi usielekee kusi. Fundi anayeijua pwani huanza kupanga mabati kutoka upande ulio mbali na upepo huo na kuuendea, ili kila bati linalofuata lilifunike la kabla yake na upepo upite juu ya kiungo badala ya kuingia ndani yake. Ni jambo dogo ambalo haliongezi gharama hata shilingi moja, na bado nimeona nyumba mpya kabisa zilizopangwa kinyume.

Malizia na viungo: bati la kileleni, bonde ambapo mapaa mawili hukutana, na mahali paa linapogusa ukuta. Hapo pa ukutani kunapaswa kuwa na kipande cha bati kilichochimbiwa ndani ya ukuta na kuteremka juu ya paa. Kikiwa kimebandikwa tu kwa saruji nje ya ukuta, ufa utatokea.

Tone linaanguka katikati ya sebule. Je, tundu liko juu yake?

Mara chache sana. Maji yakishaingia chini ya bati hufuata ubao au boriti kuteremka nayo, wakati mwingine mita kadhaa, mpaka yakutane na msumari, kifundo cha mbao au mwisho wa ubao, ndipo yaanguke. Kwa hiyo tundu litafute juu ya doa, kuelekea kileleni, si pembeni wala chini yake. Mchana wa jua, ingia juu ya dari ukazime tochi. Mwanga unaopenya utakuonyesha. Usipoonyesha, mtu mmoja apande na mpira wa maji na mwingine abaki ndani. Aanze kumwagia chini, karibu na upenu, na apande juu taratibu, akikaa dakika kadhaa kila hatua. Akianzia juu, maji yatapita sehemu zote kwa pamoja nanyi hamtajua ni ipi iliyovuja.

Wazee husema chururu si ndo ndo ndo. Katika paa mambo ni kinyume: chururu humwamsha mwenye nyumba usiku uleule, ilhali ndo ndo ndo hupuuzwa miaka mitatu mpaka mbao zioze.

Mabati ya jirani yangu wa Voi yana miaka 20, yangu ya Nyali yameota kutu kabla ya miaka 7. Nimeuziwa mabati mabaya?

Huenda sivyo. Voi iko bara, mbali na bahari, ilhali Nyali iko ufuoni. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikikaa juu ya bati huvuta unyevu wa hewa, hivyo bati hubaki na umajimaji hata siku isiyo na mvua. Zinki iliyopakwa juu ya chuma huliwa kwanza, kisha chuma chenyewe. Ajabu ni kwamba sehemu inayonyeshewa hudumu kuliko isiyonyeshewa, kwa maana mvua huosha chumvi. Kutu huanzia chini ya upenu, ndani ya milalo ya mabati, na chini ya kivuli cha tangi au mti, mahali chumvi hutua na haiondoki. Aliye karibu na ufuo afaidike kwa kuyaosha maeneo hayo kwa maji baridi yasiyo ya chumvi mara chache katika miezi ya kiangazi. Maji ya kisima chenye chumvi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, hayafai kwa kazi hii. Ni heri kuacha.

Wakati wa kununua, kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda bati huwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 sipendekezi kabisa kwa nyumba ya kuishi karibu na bahari. Uliza pia limepakwa nini. Mabati yaliyopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki kwa kawaida huhimili chumvi zaidi ya yale ya zinki pekee, na tabaka la rangi ya kiwandani huongeza kinga, mradi mikato ya pembezoni na mikwaruzo ipakwe rangi siku ileile. Waya au bomba la shaba lisiachwe ligusane na bati, wala maji yanayotoka kwenye shaba yasiteremkie juu yake, kwa kuwa shaba huiharakisha zinki kuliwa. Saruji mbichi nayo hulichoma bati.

Kwani silikoni haitoshi?

Inatosha kwa msimu mmoja, na hapo ndipo udanganyifu wake ulipo. Niliwahi kumwita fundi aliyezungushia silikoni kila msumari wa ukumbi wangu kwa nusu siku, akalipwa, akaenda zake. Masika yalipita vizuri. Mwaka uliofuata silikoni ilikuwa imebanduka upande wa juu tu, ikawa kila msumari una kikombe kidogo kinachokinga maji na kuyaelekeza tunduni. Tulibandua zote kwa kisu. Silikoni na lami ni dawa ya kusubirisha mpaka upate skrubu na raba mpya.

Gata zangu, yaani mifereji ya paa, huziba kila mwaka. Nifanye nini?

Tazama kwanza kinachoziziba. Kwa wakazi wa Nyali na Bamburi wenye mivinje uani, ni vijiti vyembamba vya mvinje ambavyo hupenya hata kwenye wavu na kushikana kama mkeka. Kisiwani ni majani mapana ya mkungu, ambayo jani moja tu linaweza kufunika tundu la mlizamu, yaani bomba la kuteremshia maji, pamoja na majani ya mwarobaini na mwembe. Na kote mjini kuna kunguru, ambaye huleta paani mifupa, vipande vya waya na vijiti vya kiota, akaviacha palepale maji yanapopita. Wavu juu ya mlizamu husaidia dhidi ya mkungu na kunguru. Dhidi ya mvinje hakuna ila kusafisha kwa mkono, mara moja Machi na tena katikati ya masika.

Kisha angalia mteremko. Gata inahitaji kushuka takriban sentimita 1 kwa kila mita 2 au 3 kuelekea kwenye mlizamu. Mimina ndoo ya maji upande wa mbali: yakisimama katikati, kishikizo kimelegea hapo. Watu hudharau wingi wa maji yenyewe. Mvua ya milimita 50 kwa saa, ambayo si kioja hapa, ikinyeshea paa la mita za mraba 100 humwaga lita 5,000 kwa saa hiyo, yaani zaidi ya lita 80 kila dakika. Mlizamu mmoja mwembamba hauwezi kuyateremsha yote, na yanayobaki hurudi nyuma, chini ya bati, hadi kwenye mbao za ukuta.

Gata yenye maji yaliyotuama ina ubaya wa pili. Mbu anayeeneza dengi na chikungunya, magonjwa ambayo Mombasa inayajua vizuri, hutaga katika maji machache yaliyotulia karibu na watu, na gata iliyoziba ni mahali asipotazama mtu.

Ndugu yangu aliyehamia Minnesota anasema paa lake linavuja wakati wa baridi ilhali hakuna mvua. Inawezekanaje?

Inawezekana, na swali hili limekuja mara nyingi kutoka kwa watu wenye jamaa Marekani na Kanada kiasi kwamba linastahili nafasi yake hapa. Theluji huanguka na kukaa juu ya paa. Nyumba inapashwa joto kwa ndani, na joto hilo likipenya darini huupasha upande wa juu wa paa, theluji ya hapo ikayeyuka kwa chini. Maji huteremka chini ya theluji mpaka kwenye upenu, ambao umetokeza nje ya ukuta na kwa hiyo hauna joto la nyumba. Yakifika huko huganda. Siku baada ya siku barafu hujijenga ukingoni ikawa kizuizi, maji yanayofuata yakakosa pa kupita, yakasimama nyuma yake na kuingia chini ya vigae. Ni kisa kilekile cha gata iliyozibwa na mvinje, isipokuwa kule kinachoziba ni maji yenyewe.

Dawa yake basi haiko kwenye barafu. Iko kwenye joto linalotoroka. Ndugu yako azibe kwanza nyufa zote zinazopitisha hewa ya nyumbani kwenda juu ya dari, kama vile kuzunguka taa, mabomba na mlango wa kupandia. Kisha aongeze tabaka la kuzuia joto juu ya dari. Kisha ahakikishe hewa ya nje inaingia chini ya upenu na kutokea kileleni, ili paa lote libaki baridi sawasawa. Theluji ikizidi, kuna reki za mpini mrefu za kuiteremsha mtu akiwa amesimama chini. Asipande paani, wala asiivunje barafu kwa shoka, kwa kuwa atavunja vigae pamoja nayo. Kizuizi kikishajengeka, wengine hujaza kloridi ya kalsiamu, aina ya chumvi inayoyeyusha barafu, katika soksi ndefu na kuilaza juu ya barafu ili ichonge njia ya maji. Chumvi ya kawaida haifai, kwa maana inakula chuma na kuua mimea chini. Sisi chumvi ya kwetu inatujia na upepo bila kuitwa. Siku atakapobadilisha paa, aweke chini ya vigae utando wa lami unaojibandika, kuanzia ukingoni mpaka angalau sentimita 60 kupita mstari wa ndani wa ukuta.

Paa la makuti linaweza kweli kuzuia masika?

Linaweza, na lilifanya hivyo kwa vizazi, kwa sharti la mwinuko. Makuti hayazuii maji kwa kuwa hayana matundu. Yanazuia kwa kuyateremsha upesi kabla hayajazama. Kwa hiyo makombamoyo, yaani miti mirefu inayobeba paa, yasimamishwe karibu na nyuzi 45. Paa la makuti lililolazwa ili lipendeze kwenye picha za hoteli litavuja hata likiwa jipya. Makuti yawe ya viungo, yaliyokunjwa na kushonwa juu ya kijiti, na mistari yake ikaribiane. Ya kumba, yaliyosukwa tu, yaachiwe ua. Mistari ikitawanywa ili kupunguza hesabu ya makuti, mwenye nyumba ndiye atakayelipa baadaye.

Moshi wa jiko la kuni uliwasaidia wazee kuwafukuza wadudu na kuyakausha makuti kutoka ndani. Nyumba isiyo na jiko hilo itegemee hewa: usifunge chini ya makuti kwa dari isiyopumua. Panapoota ukijani, pamekaa maji, na mara nyingi mti uliofunika paa ndio sababu.

Na paa tambarare la zege?

Paa la zege halipaswi kuwa tambarare kabisa. Literemke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye matundu ya kutolea maji, na matundu yawe zaidi ya moja, ili moja likizibwa na mfuko wa plastiki lingine lifanye kazi. Baada ya mvua, subiri siku mbili upande: dimbwi lililobaki ndilo doa la dari la mwaka ujao. Utando wa lami uliobandikwa vizuri unasaidia, lakini ukibandikwa juu ya dimbwi utaumuka. Utando huo upandishwe pia kwenye ukuta mfupi unaozunguka paa, usiishie kwenye pembe.

Zitazame zaidi zile nondo zilizoachwa zimesimama kwa ajili ya ghorofa ijayo. Mombasa imejaa nyumba zinazoingoja ghorofa hiyo kwa miaka 15. Maji hufuata nondo kushuka ndani ya nguzo, chuma hufura kwa kutu na kuipasua zege kutoka ndani. Zipakwe saruji nzito na zifunikwe, au zikatwe kwa ushauri wa mhandisi.

Nyumba yetu ni ya Mji wa Kale, ya mawe na boriti. Fundi anataka kumwaga saruji juu. Tumkubalie?

Msikubali. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa, na boriti za mkoko zimedumu kwa sababu zinapumua. Saruji ni ngumu kuliko chokaa, hupasuka pale jengo linapocheza, na maji yakishapita ufani hayatoki tena. Yanabaki juu ya boriti na kuziozesha kichwani, ndani ya ukuta, pasipoonekana. Nyufa zijazwe chokaa, mizigo mizito ishushwe, milizamu ipitishwe mbele ya ukuta. Kwa kuwa eneo hilo limehifadhiwa, pata ushauri na idhini kwa Makumbusho ya Taifa kabla ya kuanza.

Vigae vyekundu vya zamani vinafaa kuokolewa?

Ndiyo. Vile vya Mangalore, vilivyoletwa kutoka India, mara nyingi havina kasoro. Kilichooza ni mbao zilizo chini yake. Vitelemsheni, badilisheni mbao, virudisheni.

Je, mafundi wa dishi na sola wanaharibu paa?

Wengi hutoboa bila kuziba, na hukanyaga bondeni mwa bati mahali ambapo hapana ubao chini. Waambie wakanyage juu ya safu za misumari, watoboe mgongoni, na watumie raba. Panda ukague kabla ya kuwalipa.

Paa letu ni la asibestosi. Tulikwangue na kulipaka rangi?

Msilikwangue, msilitoboe, msilivunje. Vumbi lake huleta maradhi ya mapafu. Kuliondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Maji ya paa yanaweza kunywewa?

Yanafaa sana kufulia, kuogea na chooni, na katika mji ambao bomba hukauka kwa siku kadhaa, tangi la lita 5,000 si anasa. Kwa paa la mita za mraba 100, mvua moja nzuri hulijaza. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe, kwa kuwa imeosha chumvi, vumbi na kinyesi cha kunguru. Ya kunywa yachujwe na kuchemshwa. Maji ya makuti, ya asibestosi, au ya paa lililopakwa lami yasinywewe.

Mvua inanyesha sasa hivi, ni usiku, na dari imetuna. Nifanye nini?

Usipande paani, bati lililolowa huteleza, na radi haibagui. Zima umeme kwenye swichi kuu ikiwa maji yako karibu na taa au soketi, na usiiguse swichi hiyo ukiwa umesimama majini. Dari iliyotuna ina maji mengi juu yake na ikianguka itaanguka nzima, kwa hiyo weka ndoo, simama pembeni, na uitoboe kwa bisibisi pale ilipotuna zaidi ili maji yateremke kidogo kidogo. Sogeza magodoro. Kisha chukua penseli uchore mpaka wa doa darini, na uandike kando yake tarehe, saa, na upepo ulikuwa unatoka wapi. Fundi utakayempandisha Januari, paa likiwa kavu na hakuna kinachovuja, hatakuwa na kitu kingine cha kumwongoza.